Kanzu kuungua kwenye picha za harusi Lamu: kamera yako si mbovu

Dada, kamera yako haina ubovu. Umesema picha za bwana harusi akisindikizwa kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani zimetoka na kanzu zilizoungua kwa mwanga: nyeupe pe, hazina mikunjo wala nakshi ya shingoni, na ukizipunguzia mwanga kwenye kompyuta zinageuka kijivu tu. Mimi napiga harusi na maulidi hapahapa Lamu, na hakuna kinachosumbua zaidi ya hicho. Kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, kanzu na buibui zinakaa fremu moja, na jua liko utosini kwa kuwa tuko kama digrii 2 tu kusini mwa ikweta.

Sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachonasa picha, ina nukta mamilioni zinazopokea mwanga. Kila nukta ni kama birika la msikitini: maji yakishafika ukingoni yanamwagika, na yaliyomwagika hayapimiki tena. Kwenye JPEG, faili ya kawaida ya picha, mwanga huhesabiwa kuanzia 0, nyeusi tititi, hadi 255, nyeupe kabisa. Kanzu yote ikigota 255, mkunjo na kivuli chake vinakuwa na namba moja. Ndiyo maana kompyuta haikurudishii kitambaa; inashusha namba ileile kila mahali, unapata kijivu cha bapa.

Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, nayo haijui nani ni bwana harusi. Inachukua wastani wa fremu na kutaka wastani huo uwe kijivu cha katikati. Kichochoroni, sehemu kubwa ya fremu ni kuta zenye kivuli. Mita inaona giza, inaongeza mwanga, na yule anayepita kwenye mwale wa jua unaoshuka kati ya mapaa anaungua. Nenda ufukwe wa Shela, mchanga ujaze fremu, na kamera ileile itafanya kinyume: mchanga utatoka wa kijivu na nyuso zitakuwa giza. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na waliokushauri uweke fidia ya mwanga kwenye −1 siku zote, yaani kila picha ipunguziwe mwanga. Ukizishusha nyuso zetu bila sababu halafu ukazipandisha kwenye kompyuta, mashavu yanajaa chengachenga.

Ingia kwenye menyu ya kutazamia picha, uwashe onyo la mwanga uliozidi, ili sehemu zilizoungua ziwe zinawaka na kuzima kila ukitazama picha. Washa na histogramu, ile grafu inayoonyesha mwanga wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, maana kioo peke yake juani kinadanganya. Ikirundikana kwenye ukingo wa kulia, kuna kitu kimeungua. Swali ni kitu gani. Mmemetuko wa jua juu ya maji, taa ya umeme, kipande cha mbingu mwisho wa kichochoro: viache viungue, hakuna anayevitafutia kitu ndani yake. Lakini kofia ya kutarizi ni kazi ya mikono ya miezi. Ina vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na kinachovionyesha ni vivuli vyembamba mno ndani ya kila kitundu. Mwanga ukizidi kidogo tu, kofia ile inakuwa bakuli la plastiki. Mimi huvuta picha kiooni mpaka nivione vitundu. Nikiviona, najua kanzu nayo imepona.

Njia ninayoipenda ni kupima kanzu yenyewe. Weka mita kwenye upimaji wa nukta moja ya katikati, elekeza kwenye kanzu iliyopigwa na jua, usome. Ukifuata usomaji huo kama ulivyo, kanzu itatoka kijivu, basi ongeza stopu 1.5 hivi (stopu moja ni mwanga mara mbili), yaani karibu mara tatu ya mwanga huo. Kisha funga namba hizo kwa mkono, zisibadilike kila anapopita mtu mwenye buibui. Kama huna nafasi ya kupima, kwa jua kali lisilo na wingu anza na tundu la lenzi f/8, shata 1/400 ya sekunde, na ISO 100 (wepesi wa sensa kuupokea mwanga). Onyo likiwaka kwenye kanzu, nenda 1/500, kisha 1/640. Nyuso zikiwa giza kidogo usihofu. Kivuli kinapandishika, weupe ulioungua haurudi.

Ila lazima upige RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaipunguza. Faili ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi kati ya tatu za sensa (nyekundu, kijani na bluu), JPEG ina 256. Histogramu ya kioo hutokana na JPEG, kwa hiyo kwenye RAW mara nyingi kuna akiba kidogo juu ya inachokuonyesha. Usiitegemee sana: rangi zote tatu zikishajaa, hata RAW haina kitu.

Rangi tatu hizo zinanikumbusha leso. Leso nyekundu juani hujaza rangi nyekundu peke yake wakati histogramu ya jumla inaonekana salama, na jina la leso linafifia kwenye wekundu uliovimba. Fungua histogramu ya rangi moja moja.

Kuhusu saa, kama wenye shughuli wanakusikiliza, omba msafara utoke baada ya alasiri. Mji unatazama mashariki, upande wa kisiwa cha Manda, kwa hiyo jioni nyumba za ufukweni zinaweka kivuli kizuri mbele yao, na majahazi yaliyo majini bado yanapigwa na jua kutoka nyuma yako. Asubuhi ni kinyume: kuta zinang'aa na majahazi yanakuwa mbele ya jua. Saa sita mchana wapeleke barazani au ndani ya daka la mlangoni, uwapige wote wakiwa kivulini.

Zile za JPEG ulizokwisha piga usizifute. Ambazo zimeungua bega moja tu, zikate au zigeuze za nyeusi na nyeupe, familia itazipenda. Ukipiga tena, weka hapa picha pamoja na namba za shata, tundu la lenzi na ISO, tuzitazame.