Anayemgeuza mgonjwa usiku ndiye azungumze na daktari

Mama yangu alipomaliza tiba ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, tulielezwa wazi kwamba saratani ya titi imeshaingia kwenye mifupa, na kuanzia hapo kazi kubwa ni kumpunguzia maumivu. Tukarudi naye Pemba. Huduma aliyoanza kupata inaitwa tiba shufaa, na wengi wakiisikia hudhani mgonjwa ametupwa. Sivyo. Maumivu yanatibiwa, kidonda kinatunzwa, choo, pumzi, usingizi na hofu zake vinashughulikiwa, na sisi tunaomuuguza tunafundishwa namna ya kumshika.

Kikwazo chetu kilikuwa bahari. Kijijini hadi bandari ya Mkoani ni gari, Mkoani hadi Unguja ni boti, Unguja hadi Dar es Salaam ni boti nyengine. Mtu anayeumwa na mifupa hata akikohoa, humpandishi boti kusi likivuma ili tu aulizwe anaendeleaje. Tukakubaliana na daktari wake tuwe tunaonana kwa simu ya video, na muuguzi wa kituo cha jirani awe anakuja nyumbani inapowezekana.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: anayelala chumba kimoja na mgonjwa ndiye azungumze na daktari. Katika familia zetu simu hukabidhiwa kaka mkubwa, au msomi wa nyumba, au aliyeko Muscat anayetuma pesa za dawa. Hao wana haki ya kujua, na waelezwe vizuri baadaye. Lakini wao hawajui kwamba mgonjwa siku hizi analala ameketi, au kwamba maumivu yanamwamsha saa nane za usiku kabla ya saa ya dawa kufika. Kwetu sisi aliyejua ni wifi yangu. Ni mtu wa haya, hakusoma sana, na kila tukipiga simu alikuwa anajibanza mlangoni. Siku moja nilimwita aketi mbele ya simu. Akasema maneno machache tu: "Daktari, akilala kimya haumwi. Anaumwa nikimgeuza na nikimuosha." Dozi ya kawaida ya dawa ya maumivu haikuongezwa. Daktari alielekeza apewe dozi ndogo ya ziada kiasi cha nusu saa kabla ya kuoshwa, na tumgeuze kwa shuka, watu wawili, tusimvute mkono. Kuanzia hapo kumuosha asubuhi hakukuwa tena na kilio.

Kabla ya muuguzaji, lakini, azungumze mgonjwa mwenyewe. Na azungumze chumba kikiwa kitupu. Mgonjwa wetu hakosi watu wa kumkagua, na hilo ni jema, ila waombwe kwa adabu wapumzike barazani hadi simu imalizike. Mbele ya majirani mama yangu alikuwa anajibu "alhamdulillahi, sijambo" kwa kila swali. Tulipobaki naye peke yetu, daktari akamuuliza: "Bi mkubwa, mbali na mwili, kuna jambo linalokuumiza?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema ana deni la wachumaji wa karafuu wa msimu uliopita, na anaogopa kufa nalo. Hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Ndugu zangu wakalilipa. Usingizi wake ulibadilika, na dawa zilikuwa zilezile. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii si ya mwili tu. Yamo ya moyo, ya familia na ya roho. Nililiona hilo kitandani kwa mama yangu.

Sasa maandalizi. Dirisha liwe mbele ya mgonjwa, lisiwe nyuma yake, vyenginevyo daktari anaona kivuli. Simu iegemezwe kwenye stuli, isishikwe mkononi. Bando na chaji viangaliwe mapema. Mtandao ukikwama, zimeni picha mbaki na sauti, kwa sababu sauti safi inafaa kuliko picha inayoganda. Kidonda usikioneshe kwenye video inayotetemeka. Piga picha mchana kwenye mwanga, weka rula pembeni ukubwa uonekane, itume kabla ya simu.

Hapa kwenye kidonda nataka kusema zaidi, maana ni suala la stara. Muulize mgonjwa kwanza, hata kama ni mama yako. Akisema hataki, basi. Akikubali, mfunike kwa khanga kila mahali, pabaki kidonda tu, uso usionekane, na picha ikishafika ifutwe kwenye simu yako. Isipelekwe kwenye kundi la familia hata mtu akiomba kwa nia nzuri. Kama daktari ni mwanamume na mgonjwa ana haya, mwambieni. Muuguzi mwanamke anaweza kuangalia na kumueleza. Kidonda cha mama yangu kilikuwa kinatoa harufu, na aibu ilimfanya akatae wageni. Kupitia picha ile tulielekezwa kunyunyiza unga wa vidonge vya metronidazole kila tunapobadilisha bandeji, na harufu ikapungua sana. Msifanye hivyo bila kuelekezwa na daktari wenu.

Muwe na daftari. Andikeni saa ya kila dawa, maumivu kati ya 0 na 10, choo, na alichokula. Daktari akitaja kipimo cha morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, mrudieni kipimo hicho kwa miligramu na kwa mililita ahakikishe, kisha muoneshe lebo ya chupa kwenye kamera. Morfini hii hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Mililita 5 za chupa ya leo huenda zisiwe sawa na mililita 5 za chupa iliyopita. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, msitumie kijiko cha chai.

Wazee waliposikia morfini waliingiwa na hofu kwamba ni dawa ya kummaliza mtu. Nilimuomba daktari awaeleze wao wenyewe kwenye simu, na wakamsikiliza. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, bila kungojea maumivu yarudi. Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo mara nyingi hupungua, lakini kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze pamoja nayo.

Ramadhani ikikaribia, zungumzeni mapema. Mama yangu alitaka kufunga, na dawa ya kila saa 4 haiendi na saumu. Daktari alieleza upande wake, imamu wetu akamkumbusha ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Suratul Baqara, akaridhika. Pale vinapopatikana, vipo vidonge vya morfini vinavyofanya kazi polepole, vya kila saa 12. Uliza kama vinamfaa mgonjwa wako.

Kuna hali ambazo si za kungojea video. Mwenye saratani iliyoingia kwenye mifupa akiishiwa nguvu za miguu ghafla, au mkojo ukikatika au kumtoka bila kujua, uti wa mgongo huenda umebanwa. Vilevile damu ikitoka kwa wingi, au haamki na pumzi ni za taratibu mno. Hapo ni kwenda hospitali, iwe Abdulla Mzee, Chake Chake au Wete, mkimpigia daktari mkiwa njiani. Na mkono wa muuguzi hauna mbadala: tumbo lililojaa choo na kibofu kilichojaa kwenye kamera vinafanana.

Mwisho, angalieni chupa kila mnapomaliza simu. Morfini ni dawa inayodhibitiwa, haitolewi bila cheti cha daktari, na lazima mtu aende kuichukua kwa miguu yake. Ikibaki ya wiki moja ombeni cheti, na kabla ya Sikukuu ombeni mapema zaidi.