Kabla ya kuinua ukuta, uangalie uchochoro wenyewe

Pole sana dada. Nimekuelewa: vibaka wanavizia watu kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba yako, na unataka kuinua ukuta hadi mita tatu. Naomba usianze na ukuta. Ukuta mrefu uliozibwa unamficha kibaka. Akimkaba mtu, hakuna wa kumwona. Mimi ningebomoa sehemu ya juu niweke nondo, nikate michongoma ifike kiunoni, na dirisha la jikoni nilielekeze uchochoroni. Vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni vyembamba sana, lakini watu hukaa kwenye baraza za nje na kuona kila anayepita.

Taa ni muhimu mno. Huko New York, majaribio ya taa kali kwenye makazi ya umma mwaka 2016 yalipunguza uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku kwa takriban asilimia 36. Weka yako juu, imulike njia bila kuwachoma wapitaji machoni. Waya mwachie fundi umeme mwenye leseni. Mama lishe akiomba kuuza pale jioni, mkubalie, naye ataona kila anayepita.

Kama vibaka hao wanabeba mapanga, usingoje ujenzi: nenda polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa leo.