Mwanangu ananificha maumivu yake

*Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka 9 na ana hemofilia A, ugonjwa wa damu kushindwa kuganda vizuri, tena ile kali. Nimemkataza mpira, baiskeli, hata kukimbia. Mwezi uliopita damu ilimvujia ndani ya goti, akanificha siku mbili kwa kuogopa nitamfungia ndani. Mama mkwe anasema ugonjwa huu nimeuleta mimi, kwao haupo. Mume wangu yuko kimya. Mimi mwenyewe siku zangu za mwezi huwa nzito mno, ila hilo si la leo. Nimechoka. Nifanye nini?*

Pole sana, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye zile siku mbili. Acha nianzie hapo.

Mwenye hemofilia A kali ana chini ya asilimia 1 ya faktari ya 8, protini inayosaidia damu kuganda. Wengi hudhani hatari ni kidonda cha nje, kumbe mkwaruzo mdogo ukikandamizwa vizuri mara nyingi hutulia. Kinacholemaza ni damu isiyoonekana, ile inayovujia gotini, kwenye kiwiko au kifundo cha mguu, pengine bila hata kuanguka. Ikirudi mara kwa mara kwenye kiungo kilekile hula gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, mwishowe goti halikunjuki tena.

Wagonjwa wengi huhisi kabla ya uvimbe kutokea. Kiungo kinatekenya, kinapata joto, kinakuwa kizito. Saa ya dawa ndiyo hiyo. Mwanao huenda aliijua habari ya goti lake kabla yako na kabla ya daktari, akaimeza kwa sababu alijua kitakachofuata. Sikulaumu, ungewezaje kutoogopa? Lakini hofu yako imemfundisha kuficha, na huko kuficha kunamwumiza kuliko baiskeli.

Kwa hiyo kaa naye leo umwambie: "Ukihisi kitu, niambie, hata kama ulikuwa unafanya nilichokukataza. Sitakugombeza." Kisha utimize. Siku atakapokuja anachechemea, usimuulize alikuwa wapi. Dawa kwanza, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, goti lipumzike. Maswali yasubiri kesho. Ukimgombeza hata mara moja tu, atarudi kujificha.

Na mfungulie mlango. Misuli yenye nguvu hulinda viungo, na mtoto asiyetembea misuli yake hulegea. Kuogelea ni kuzuri mno kwake, na baiskeli akiwa na kofia ngumu inawezekana. Ngumi na mieleka, hapana. Mpira wa miguu uulizie kliniki, maana jibu linategemea hali ya viungo vyake na kama anapata dawa za kinga. Hujaniambia kama anazipata au anatibiwa tu baada ya kuvuja. Uliza. Kuna faktari inayochomwa mshipani kwa ratiba, na kuna emicizumab, inayochomwa chini ya ngozi kila wiki, kila baada ya wiki mbili, au hata nne. Zikipatikana mnakotibiwa, maisha yake yatabadilika, na usingizi wako pia.

Mawili usiyalegeze hata kidogo. Akigonga kichwa, ni hospitali papo hapo, hata kama anacheka. Na asipewe aspirini wala ibuprofen. Maumivu yake yatulizwe kwa paracetamol. Mwalimu wake ayajue haya kama unavyoyajua wewe.

Sasa mama mkwe. Ni kweli jeni ya ugonjwa huu, yaani chembe ya urithi, hukaa kwenye kromosomu ya X, na mtoto wa kiume X yake huipata kwa mama. Lakini takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua, kwa sababu badiliko la jeni huweza kuzuka lenyewe bila kurithiwa. Hukulichagua, kama vile baba yake hakuchagua kumpa kromosomu ya Y. Mpeleke mumeo kliniki ayasikie kwa daktari, kisha yeye ndiye akamjibu mama yake. Hilo si jukumu lako, na ukimya wake unakuumiza kuliko maneno ya mama mkwe. Mwambie hivyo, kwa upole, mkiwa wawili.

Nimeacha la mwisho kwa sababu wewe mwenyewe ulilipita haraka. Siku zako nzito ni za leo, mdogo wangu. Mwanamke aliyebeba jeni hii anaweza naye kuwa na faktari pungufu, akavuja damu miaka mingi akidhani ndivyo wanawake walivyo. Safari ijayo ukimpeleka mtoto, waombe wapime na faktari yako, wakuangalie na upungufu wa damu. Usikubali kung'olewa jino wala kufanyiwa upasuaji kabla ya kujua kiwango chako. Huenda huo uchovu unaoniandikia hautoki kwenye mawazo peke yake. Majibu yakitoka, niandikie.