Besi moja, nyimbo mbili: nani kamwibia nani?

SWALI: Napiga muziki kwenye sherehe hapa Morogoro. Juzi nilikuwa na "Bam Bam" ya Sister Nancy hewani, nikaingiza "Ring the Alarm" ya Tenor Saw, nikasikia besi ni ileile. Nani alimwibia mwenzake? Na enzi zile bila kompyuta waliwezaje?

JIBU: Masikio yako hayajakudanganya, ila hakuna aliyeibiwa hapo. Besi hiyo ina jina lake yenyewe: Stalag. Wajamaika huiita ridimu, yaani ngoma na besi zilizokwisha kurekodiwa, zinazomsubiri mtu wa kuziimbia, kisha mwingine, kisha mwingine tena. Hii ilitoka mwaka 1973 ikiwa muziki mtupu, "Stalag 17", jina la filamu ya wafungwa wa vita. Kinanda alipiga Ansel Collins, na prodyuza alikuwa Winston Riley.

Kuhusu ufundi, walitumia mkanda wenye njia kadhaa zinazokwenda sambamba: ngoma njia yake, besi yake, kinanda yake, na moja imeachwa wazi kwa ajili ya sauti. Dijei (kule Jamaika dijei ndiye anayeghani, anayechagua santuri ni selekta) anavaa hedifoni, mkanda unazungushwa, anaghani. Kesho anakuja mwingine juu ya ngoma zilezile, au wapigaji wanaurudia upya mstari uleule wa besi. Fundi mitambo naye anacheza na meza yake: anaizima besi, anaacha sauti ielee peke yake, halafu anairudisha kwa kishindo. Ndiyo maana ridimu moja haichoshi.

Jaribu hivi leo usiku. Vaa hedifoni, weka "Bam Bam", sahau maneno, ifuate besi tu. Utaona inazunguka palepale tangu mwanzo hadi mwisho, haimfuati mwimbaji popote. Yeye ndiye anayetafuta pa kukaa. Sister Nancy, mwaka 1982, anakaa kwa utulivu, anaghani kama anayezungumza nawe barazani. Tenor Saw, mwaka 1985, anaivuta sauti juu na kuililisha, akitangaza kwamba saundi pinzani (yaani kundi jingine la wapiga muziki lenye spika zake) inakata roho. Kabla yao walishapita Big Youth, na General Echo na "Arleen" yake. Kwangu mimi Tenor Saw ndiye aliyeifikisha mbali zaidi, na inaniuma kwamba alifariki mwaka 1988 akiwa kijana mdogo sana.

Nyimbo zako zote mbili prodyuza wake ni Riley mwenyewe, kwa hiyo ridimu haikutoka nyumbani. Dhuluma ilikuwa kwingine: Sister Nancy ameeleza kwamba alikaa zaidi ya miaka 30 bila kulipwa chochote kwa "Bam Bam", hadi alipousikia kwenye tangazo la biashara mwaka 2014 akaamua kudai haki yake. Ndugu yangu, ukirekodi na prodyuza yeyote, andikianeni kabla hujashika maikrofoni.

Na kwenye sherehe, usizipandishe sauti hizo mbili kwa pamoja, zitagombana. Linganisha kasi kwanza, kisha weka "Stalag 17" yenyewe katikati: mtoe Nancy, acha kinanda cha Collins kipumue kidogo, ndipo umwingize Tenor Saw.