Naomba riziki kila siku, lakini hofu haiishi. Je, sina imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nimeokoka na ninasali kila siku, lakini kila nikipata fedha kidogo naanza kuwaza zikiisha nitafanyaje. Maombi yangu yamekuwa ni chakula, kodi ya nyumba na ada za watoto tu. Mwenzangu kanisani ameniambia mtu wa rohoni haombi vitu hivyo, na kwamba kuweka akiba ni kutomwamini Mungu. Je, ni kweli?

JIBU: Asifiwe sana, dada yangu.

Si kweli, na imeniuma kusikia umeambiwa hivyo, maana neno kama hilo laweza kumfanya mtu aache kuomba kabisa. Bwana alipowafundisha wanafunzi kusali, aliweka "Utupe leo riziki yetu" katika sala ileile yenye msamaha wa dhambi na kuokolewa na yule mwovu, tena msamaha ukafuata baada ya riziki (Mathayo 6:11-13). Unapomwambia Baba kwamba tarehe ya kodi inakaribia, hujatoka rohoni.

Sasa hiyo hofu. Soma 1 Wafalme 17 taratibu. Wengi tunawapenda wale kunguru waliomletea Eliya mkate na nyama asubuhi na jioni, ila mstari wa 7 tunauruka: kijito kikakauka. Nabii alikuwa ametii, amekaa palepale alipotumwa, na maji yakaisha. Halafu akapelekwa Sarepta kwa mjane aliyebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, anaokota kuni mbili apike, wale yeye na mwanawe, wafe. Mungu akawalisha. Lakini angalia alivyowalisha: Maandiko yanasema pipa la unga halikupunguka na chupa ya mafuta haikuisha. Hayasemi pipa lilijaa. Nadhani mama yule aliendelea kuona unga ni uleule kidogo, na kila siku akapika. Kwa hiyo kuwa na kidogo, hata kuiona sakafu ya pipa, si ushahidi kwamba Mungu amekuacha wala kwamba imani yako imekufa. Hofu ikija, mpelekee yeye hiyo hofu yenyewe.

Kuhusu akiba, watu hutaja mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani: waliyoibakiza hadi asubuhi iliingia mabuu ikanuka (Kutoka 16:20). Waendelee kusoma. Katika sura hiyohiyo, siku ya sita waliokota maradufu, wakaweka hadi asubuhi kama walivyoagizwa, na haikunuka. Yusufu naye aliweka nafaka ya miaka 7 kule Misri, na hekima hiyo ilitoka kwa Mungu. Weka akiba, dada, na ufanye kazi. Paulo ni mkali kwa asiyetaka kufanya kazi (2 Wathesalonike 3:10). Jambo la kujichunguza ni moja: fedha zikiwepo, bado unamhitaji Mungu?

Hapo ndipo ninapokusihi usikomee kwenye kodi na ada. Omba vilevile uvumilivu wa leo na moyo wa kumsamehe aliyekukosea leo. Wafilipi 4:6 inataka haja zetu zipelekwe pamoja na kushukuru, na mstari unaofuata unaahidi amani ya Mungu ihifadhi mioyo yetu, hata kabla haja haijajibiwa. Jioni, kabla hujaomba lolote, taja kwa majina alivyokupa siku hiyo: mtoto aliyepona homa, mlo uliopatikana, mtu aliyekusikiliza.

Na huyo mwenzako, msomee kwa upole Yakobo 2:15-16, juu ya mtu anayemwambia ndugu aliyepungukiwa na riziki aende kwa amani akashibe, asimpe kitu. Mara nyingi Mungu hujibu kwa mikono ya kanisa. Kama kodi ya mwezi huu imekushinda, zungumza na mzee wa kanisa wiki hii, kabla tarehe haijafika. Usione haya.