Mwalimu wa muda na mratibu wake: kaeni chini kabla ya kipindi cha kwanza

Simu kutoka chuo kimoja ilinikuta Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, Jumapili jioni, nikichagua dagaa wa kupeleka nyumbani. "Mwalimu, habari za jioni. Tumepungukiwa mtu wa Stadi za Mawasiliano, mwaka wa kwanza. Jumanne unaweza kuanza?" Nikaitikia kabla mama muuza dagaa hajanirudishia chenji. Wakati huo nilikuwa nafundisha sekondari ya binafsi Igoma, shahada ya uzamili nimeshaipata, na ada ya mdogo wangu ilikuwa inanidai.

Sikuuliza wanafunzi ni wangapi, wala nani anatunga mtihani, wala kama kusahihisha kunalipwa, wala nitakaa wapi mwanafunzi akinitafuta. Jumanne nikakuta vijana 212 ukumbini, na mkononi nina nakala ya muhtasari wa kozi isiyo na ukurasa wa kwanza. Maswali yale niliyoyaacha Mwaloni yalijibiwa baadaye, moja baada ya jingine, na kila jibu lilimuumiza mtu.

Nimefundisha kwa muda miaka 6. Baadaye niliajiriwa kwingine, na kwa miaka 4 nimekuwa mratibu wa kozi ya namna hiyohiyo, nikiwa na wenzangu 9 wa kulipwa kwa saa. Mji wetu huu una vyuo vingi: SAUT iko kule Malimbe, CUHAS iko kilimani Bugando, Chuo Kikuu Huria kina kituo chake, CBE ina kampasi, na vipo vingine. Mtu mmoja anaweza kufundisha asubuhi Nyegezi, mchana akapanda daladala kwenda kufundisha upande mwingine wa mji. Walimu hawa ndio wanaobeba madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza. Ninawaandikia wao, pamoja na ndugu zangu waratibu, kwa sababu naona ugomvi uleule ukirudi kila semesta na anayeumia zaidi ni mwanafunzi ambaye hata hajui kuna ugomvi.

Nianze na mtihani, maana ndipo nilipoumia.

Semesta yangu ya kwanza mratibu alitunga mtihani peke yake kwa kufuata maelezo anayofundishia kundi lake. Swali la tatu lilitaka mwanafunzi aandike kumbukumbu za kikao, alama 20 kati ya 60. Kundi langu hatukuwa tumefika huko; ile nakala yangu iliweka mada hiyo mwishoni, na wiki mbili zilikuwa zimeliwa na usajili. Nilisimamia mtihani ule nikiwaona vijana wangu wanageuza karatasi mbele na nyuma. Wengi walipata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Binti mmoja alitoka kwao Ukerewe na meli kuja kurudia karatasi hiyo moja, akatafuta mahali pa kulala siku mbili, akarudi. Aliponiona kwenye ngazi aliniamkia kwa heshima zote. Shikamoo ile iliniuma kuliko kama angenilaumu.

Tangu niwe mratibu nimeshika jambo hili kwa mikono miwili: kozi ni ya mratibu, kipindi ni cha mwalimu. Mratibu ndiye mwenye muhtasari, mtihani, mwongozo wa usahihishaji na jukumu la kuhakikisha makundi yote yanafundishwa kitu kimoja. Mwalimu ndiye mwenye saa zile mbili ndani ya ukumbi. Akitumia mfano wa soko la samaki au wa mahakama, hayo ni yake na asiingiliwe. Kufikia wiki ya 9 kila mwalimu ananiletea maswali mawili na majibu yake. Nayachanganya, nayapunguza, nayapeleka kwa wapitiaji wa idara. Kabla mtihani haujachapwa nawaandikia orodha ya mada zote za kozi, zilizomo kwenye mtihani na zisizomo, nikiuliza jambo moja: ipi hamjaifikia? Ninataka jibu la kweli, na ili nilipate sijawahi kumgombeza aliyesema amechelewa. Siku nitakayomgombeza mmoja, semesta inayofuata wote watanijibu kwamba wamemaliza.

Sasa saa na malipo.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 8 basi ni saa 80, na mihadhara ni sehemu tu ya hizo. Zilizobaki ni kusoma, semina, kazi za kuandika, kujiandaa na mtihani. Nyuma ya karibu kila saa hiyo kuna mwalimu anayetayarisha, anayesahihisha, anayejibu maswali. Lakini mwalimu wa muda mara nyingi anahesabiwa saa alizosimama ukumbini. Nilipiga hesabu mwaka ule: karatasi 212, kila moja dakika 12, ni zaidi ya saa 42. Ukumbini nilisimama saa 30 semesta nzima. Yaani kazi ya kusahihisha ilikuwa ndefu kuliko kazi niliyoitiwa, na mkataba haukuitaja hata kwa neno moja.

Kwa hiyo ndugu yangu unayepigiwa simu Jumapili, sema ndiyo kama unataka, halafu siku hiyohiyo tuma ujumbe wenye maswali. Ni wanafunzi wangapi? Kusahihisha kunalipwa kwa karatasi, kwa saa, au kumeingizwa kwenye malipo ya kipindi? Kusimamia mitihani je? Kikao nilichoitwa kinahesabiwa? Mratibu mwema hachukizwi na maswali haya. Mimi huyajibu kwa maandishi, na pale ambapo chuo hakilipi nasema hakilipi, ili mtu aamue akiwa anajua.

Na barua ya mkataba isomwe. Vyuo vingine humwajiri mwalimu wa muda kwa kipindi maalumu, vingine humwandikia mkataba wa kutoa huduma, na haki za mikataba hiyo miwili hazilingani. Kama ni ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, saa, malipo. Likitokea shauri na mwajiri akashindwa kuyaleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60, na kama unahusu kuachishwa kazi, siku 30. Nimewaona wenzangu wakingoja "wiki ijayo" mpaka siku hizo zikawapita.

Neno hilo, "wiki ijayo", waratibu tuliache. Mwaka wangu wa pili malipo yalichelewa miezi 7. Nilidhani chuo hakina fedha. Siku moja nikagundua fomu yangu ya madai imelala kwenye droo ya mratibu ikisubiri saini moja. Hakuwa mtu mbaya, na alinitaka radhi kwa moyo wake wote. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kufuatilia fomu ni kazi yake, naye kila nilipomuuliza alinituliza kwa maneno. Mratibu hatoi hela, hilo kila mtu analijua. Anachoweza ni kusema fomu iko wapi. Siku hizi nasaini zote Ijumaa ya mwisho ya mwezi, nazipeleka kwa mhasibu mwenyewe, naandika tarehe. Mwalimu akiniuliza namjibu: iko kwa mhasibu tangu tarehe 28, nitaiulizia tena Jumatano. Mwalimu naye apige picha fomu yake kabla ya kuikabidhi, na karatasi ya mahudhurio isainiwe na CR, mwakilishi wa darasa, kila kipindi kinapoisha. Mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka.

Kuna mwalimu mmoja nilikaribia kumwondoa kwa makosa yangu mwenyewe. Alikuwa anaishi Sengerema, anavuka na kivuko cha Kamanga, nami nilimpangia kipindi cha saa 1 asubuhi. Mara tatu darasa lilimngoja, CR akanipigia. Nilishaandika barua kichwani. Namshukuru Mungu nilimwita kwanza. Tulipokaa akaniambia, "Kaka, niliogopa nikisema ratiba inanibana, semesta ijayo hutanipa kitu." Nikanyamaza. Mimi mwenyewe miaka sita nilikuwa na hofu hiyohiyo, na nilikuwa nimeisahau kwa miaka miwili tu ya kukaa ofisini. Nikamhamishia saa 5, hakuchelewa tena. Sasa Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, na wenzetu wa ng'ambo wana njia ya barabara. Lakini daraja halimwondolei mtu hofu ya kusema. Mratibu amtangulie mwalimu kwa kuuliza: unaishi wapi, unafundisha wapi kwingine, siku gani huwezi kabisa? Mwalimu naye, ukikwama, piga simu kabla ya kipindi. Usimtume rafiki akushikie darasa kimya kimya hata kama anajua somo kuliko wewe. Jina lililo kwenye mkataba ni lako, na likitokea lolote humo ndani, rafiki huyo hana wa kumtetea.

Kusahihisha kwa kulingana ni jambo ambalo sikulijali mpaka nilipochukua insha moja, nikaitoa nakala, nikawapa walimu wawili. Mmoja alitoa 14 kati ya 20, mwingine 8. Wote wazuri, wote makini. Mmoja alikuwa anapima hoja, mwingine anakata kila kosa la lugha. Fikiria mwanafunzi aliyeangukia kundi la pili kwa sababu tu ya herufi ya kwanza ya jina lake. Kwa hiyo sasa, kabla hatujagawana karatasi, tunakaa pamoja asubuhi moja. Natoa nakala za karatasi 10 zisizo na majina, kila mtu anasahihisha peke yake, halafu tunaandika alama ubaoni bila kuoneana haya. Kuna chai, kuna michembe na karanga, na ubishi unakuwa mkali kwelikweli. Kufikia karatasi ya saba au ya nane tofauti zinashuka mpaka alama mbili hivi. Asubuhi ile naiombea malipo kama saa za kazi. Mwaka mmoja ombi lilikataliwa, nikawaambia kabla hawajaja, na bado walikuja 6.

Lipo jambo ambalo waratibu wengi hatulitaji kikaoni. Mwalimu wa muda hana ofisi. Mwanafunzi mwenye shida ya alama anamkuta wapi? Kwenye ngazi, kwenye gari, mgahawani, na wakati mwingine anaambiwa aje mahali ambapo hapaswi kuitwa kabisa. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na nataka kila mwalimu ninayemsimamia alisikie hilo kutoka kinywani mwangu siku ya kwanza. Lakini kulisema peke yake hakutoshi kama sijampa mahali pa kukutana na wanafunzi mchana, mlango wazi, watu wakipita. Niligombania chumba kimoja chenye meza mbili kwa semesta nzima. Nikakipata. Saa za kukutana zimebandikwa mlangoni, na nimewaambia wanafunzi waziwazi kwamba mwalimu akikuita kwingine, njoo kwangu au nenda dawati la jinsia. Chumba kile kinamlinda pia mwalimu mwadilifu, hasa kijana, dhidi ya maneno ya uongo.

Alama za maendeleo, zile za kazi za semesta kabla ya mtihani, pia zisirushwe kwenye kundi la WhatsApp zikiwa na majina. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na hata bila sheria, hakuna mtu anayetaka darasa zima lijue amepata 9 kati ya 40.

Semesta ikiisha, makabidhiano yafanyike ana kwa ana. Karatasi zilizotoka 212 zirudi 212, tuzihesabu wote wawili mezani, tuandike kwenye daftari na kusaini. Alama zilinganishwe na zilizoingizwa kwenye mfumo, moja moja, kwa sababu kosa la 47 kuwa 74 huwa linaonekana siku hiyo au halionekani kabisa. Mwalimu asizime simu baada ya hapo. Mtahini wa nje, anayepitia karatasi tulizosahihisha, akiwa na swali ndani ya wiki mbili tatu zinazofuata, yeye ndiye mwenye jibu. Na fomu ya mwisho ya madai naisaini palepale, kabla hajainuka kitini, na nakala anaondoka nayo mkononi.