Bango Shilingi Ngapi? Kupanga Bei Kwenye Tovuti Changa

Mfanyabiashara akikupigia kuuliza "bango shilingi ngapi?", usimrudishie swali la "wewe una ngapi?" Atataja kidogo, na hapo ndipo mtakapoanzia. Kuwa na bei yako mapema, hata kama tovuti ina miezi michache tu.

Tovuti yangu ni ya ufugaji wa kuku. Tovuti kubwa za habari hutoza kwa kila mara elfu moja tangazo linapoonekana. Tuseme kurasa zako zinafunguliwa mara 8,000 kwa mwezi, nawe unatoza shilingi 5,000 kwa elfu: unapata 40,000. Hesabu hiyo inampa haki mwenye wasomaji wengi, sisi wadogo inatuumiza, kwa sababu haiulizi msomaji ni nani. Anayesoma kwangu kuhusu chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, ana banda tayari, au analijenga.

Kwa hiyo mimi huanza na mfuko wa mteja. Vifaranga wa siku moja huuzwa kwa boksi la 100. Muulize muuzaji anabakiwa na kiasi gani kwa boksi. Akisema 30,000, bango la 60,000 kwa mwezi linajilipa kwa maboksi mawili, na la tatu ni faida yake. Hapo mnaongea lugha moja. Ukimtajia idadi ya waliobofya atakata tamaa bure, maana wanaobofya mabango kwa kawaida hawafiki hata mmoja kwa mia. Weka namba yake ya WhatsApp kwenye bango, naye awaulize wanaompigia wamemwona wapi.

Nafasi nazo hazilingani. Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, hivyo lile bango refu la pikseli 728 kwa 90 ni la kompyuta, kwenye simu halienei. La 300 kwa 250 katikati ya makala ndilo ghali kwangu. La chini kabisa ya ukurasa nawapa kama nyongeza wanaolipia miezi mitatu kwa mkupuo. Afadhali kuongeza muda au nafasi kuliko kushusha bei, maana wauza vifaranga wanajuana na bei hiyo itasambaa.

Google AdSense, huduma ya Google inayokuletea matangazo yenyewe, naiweka kwenye nafasi zilizokosa mteja. Haitoi malipo mpaka ufikishe dola 100, na tovuti changa inaweza kusubiri sana.

Wauza dawa za kuongeza hili na lile watakuja na pesa taslimu. Nawakataa, mfugaji akishatapeliwa kupitia ukurasa wangu, hata tangazo la chanjo hataliamini.

Bei ya kuanzia iandike kuwa ni ya ufunguzi, na tarehe ya mwisho wake. Malipo yatangulie, bango lifuate. Ukipandisha, mteja wa zamani mpe mwezi mmoja zaidi kwa bei aliyoizoea, na umjulishe kwa maandishi.